Peptidi: Dawa inayotafutwa ya kulituliza jicho bila kulipofusha

Januari 2024 ugonjwa wa macho mekundu ulisambaa Dar es Salaam kwa kasi, hata Mganga Mkuu wa Serikali wa wakati huo, Profesa Tumaini Nagu, akatoa tahadhari kwa umma. Katika eneo kama Kariakoo, ambako noti moja hupita mikono mingi kabla ya adhuhuri na abiria wa mwendokasi hushika bomba lile lile kutoka Gerezani hadi Kimara, ugonjwa wa namna hiyo hupata njia yenyewe. Kisababishi kilikuwa virusi, na virusi vya macho mekundu kwa kawaida mwili huvishinda ndani ya wiki moja au mbili. Ushauri uliotolewa ulikuwa mwepesi kuufuata: nawa mikono kwa maji tiririka na sabuni, usiyafikiche macho, usichangie taulo, usijitibu.

Hilo la mwisho ndilo lililotushinda.

Chai ya rangi, maji ya chumvi, maziwa ya mama, maji ya majani ya kila aina, vyote viliingia machoni mwa watu. Waliojiona waangalifu zaidi walikwenda duka la dawa. Hao ndio wanaonipa wasiwasi kuliko wengine, kwa sababu chai ya rangi mtu huiacha baada ya siku mbili, ila chupa ya dukani anaweza kukaa nayo mwaka mzima.

Kaa dakika chache kwenye benchi la duka la dawa lolote kati ya Mtaa wa Msimbazi na Lumumba, utasikia mazungumzo ya aina hii.

"Dada, naomba dawa ya macho."

"Ya kwako, mama?"

"Ya mwanangu. Yanamuwasha, usiku halali, anayafikicha mpaka yanakuwa mekundu. Nipe ile ya siku zile, ilimsaidia sana."

"Ile ya kifuniko cheupe?"

"Hiyo hiyo."

"Tone moja, mara tatu kwa siku. Akipata nafuu, unaacha."

Dakika mbili hazijaisha, chupa imeshaingia kwenye mfuko. Hakuna aliyeifunua kope ya mtoto na kuangalia ndani, maana mtoto mwenyewe yuko shuleni. Mama hakudanganya aliposema ilimsaidia sana. Ilimsaidia kweli. Ndani ya siku mbili macho yalikuwa meupe, mwasho ukapotea, nyumba ikalala. Na hapo ndipo hatari ilipo.

Geuza kiboksi cha dawa hiyo usome maandishi madogo. Mara nyingi utakuta neno "dexamethasone", "betamethasone" au "prednisolone", wakati mwingine pamoja na antibiotiki kama "gentamicin" au "neomycin". Hayo matatu ya kwanza ni steroidi. Steroidi ni dawa nzito zilizoingia kwenye tiba kwa kishindo katikati ya karne iliyopita. Mwaka 1950 Philip Hench, Edward Kendall na Tadeus Reichstein walipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi yao juu ya homoni za tezi zilizo juu ya figo, kotisoni ikiwamo. Hakuna daktari bingwa wa macho anayeweza kufanya kazi bila steroidi. Jicho lililotoka kufanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, jicho lililovimba ndani, konea (kioo cha mbele cha jicho) iliyopandikizwa, yote hayo yanazihitaji. Tatizo linaanza zinapouzwa bila cheti na kutumiwa bila jicho kupimwa.

Ndani ya jicho kuna maji yanayotengenezwa na kutoka usiku na mchana. Hutoka kupitia kichujio chembamba kilicho pembeni, pale konea inapokutana na ile sehemu yenye rangi. Steroidi ikitumika kwa wiki nyingi, kwa baadhi ya watu kichujio hicho huziba. Maji yanaendelea kutengenezwa, hayatoki vizuri, presha ya jicho inapanda. Uchunguzi ulioanza miaka ya 1960 ulionyesha kuwa kiasi cha theluthi moja ya watu hupandwa na presha ya macho wakitumia matone haya kwa muda, na kwamba karibu watu 5 katika kila 100 hupandwa sana. Wengi hawasikii maumivu yoyote. Kinachokufa ni neva inayopeleka picha kwenye ubongo, nayo huanza kufa kutoka pembeni mwa uoni, mahali ambapo mtoto wa darasa la tatu hawezi kugundua. Juu ya hapo, steroidi huleta mtoto wa jicho kwa mtu ambaye bado ni mtoto mwenyewe. Na kama wekundu ule ulitokana na kidonda cha fangasi au virusi vya malengelenge kwenye konea, steroidi huufungulia ugonjwa mlango.

Mtoto anayenunuliwa chupa hiyo kila mwezi ana ugonjwa gani hasa? Kwa wengi ni aleji ya macho, na aina yake inayosumbua kuliko zote madaktari huiita kwa kifupi VKC. Hii haiambukizi. Huwashika zaidi wavulana, mara nyingi kati ya miaka 5 na 15, na hustawi kwenye nchi za joto. Macho huwasha kupita kiasi, hutoa tongotongo linalovutika kama uzi, hayawezi kuvumilia mwanga wa mchana. Ukiigeuza kope ya juu unaweza kukuta vinundu vimejipanga. Kwa watoto wetu wenye ngozi nyeusi, mara nyingi ugonjwa hukaa kwenye ukingo wa konea, na sehemu nyeupe ya jicho hugeuka kahawia. Wenzake darasani humtania mtoto wa namna hiyo, na walimu humdhania anavuta bangi au hajalala. Wengi hupona wakivuka balehe, lakini kati ya kuanza na kupona kuna miaka, na katika miaka hiyo kuna chupa nyingi sana.

Kariakoo haimsaidii mtoto huyu. Vumbi la ujenzi usiokwisha, moshi wa bajaji na bodaboda, vitambaa vya marobota ya mitumba vikifunguliwa na kukung'utwa, unga wa viungo sokoni, jua la Januari linalorudi kutoka kwenye vioo vya maghorofa mapya. Mtoto wa mfanyabiashara anayeshinda dukani baada ya shule anayafikicha macho yake hadi jioni, na kufikicha kwa miaka kunaweza kuidhoofisha konea hadi ikajipinda na kuchongoka.

Rwanda walijaribu kuupima mzigo huu. Timu ya Stefan De Smedt, John Nkurikiye na wenzao iliwachunguza wanafunzi wa shule na kukuta VKC kwa takriban 4 katika kila 100. Shule ya msingi yenye wanafunzi 1,000 ingekuwa na watoto 40 wa namna hii. Sijui ni ugonjwa gani mwingine sugu wa watoto ungekuwa kwenye kiwango hicho na usizungumzwe kwenye mkutano hata mmoja wa wazazi.

Kwa hiyo swali lililo mbele ya watafiti ni hili: inawezekana kuuzima mchochota wa jicho, yaani ule wekundu, uvimbe, mwasho na maumivu, bila kulipa gharama ya steroidi? Miaka ya karibuni jibu moja linalofuatiliwa kwa bidii katika maabara nyingi duniani ni peptidi.

Protini zote za mwili ni minyororo mirefu ya asidi amino. Peptidi ni mnyororo mfupi wa asidi amino hizo hizo, kuanzia mbili tu hadi hamsini hivi, mithili ya shanga chache zilizokatwa kutoka kwenye mkufu. Mwili hutumia peptidi kupeleka ujumbe. Insulini, ambayo Kariakoo nzima inaijua kwa sababu ya kisukari, ina asidi amino 51 na inasimama mpakani kati ya peptidi na protini. Uzuri wa peptidi ni kwamba hulenga. Steroidi huingia kwenye seli za kila aina na kubadilisha kazi za jeni nyingi kwa mpigo, ndiyo maana hutibu na kuharibu kwa wakati mmoja. Peptidi hugonga mlango mmoja, au milango michache, na ikimaliza kazi huvunjwa kuwa asidi amino za kawaida.

Jicho lenyewe lilianza kutumia mbinu hii kabla ya binadamu yeyote kujenga maabara. Mwaka 1922 Alexander Fleming, miaka michache kabla ya kugundua penisilini, alitangaza kuwa machozi yana kitu kinachoyeyusha bakteria, ambacho ni kimeng'enya kinachoitwa lisozaimu. Ili apate machozi ya kutosha alikuwa akiwakamulia watu limau machoni. Baadaye ikajulikana kuwa ngozi laini ya jicho hutengeneza pia peptidi za ulinzi, mojawapo ikiitwa LL-37 kwa kuwa ina asidi amino 37. Hata maziwa ya mama, yale yaliyotiwa machoni mwa watoto Januari ile, yana LL-37 ndani yake. Akina mama waliokuwa wakifanya hivyo hawakuwa wajinga. Ila maziwa yana sukari na mara nyingi hubeba bakteria wa ngozi, na jicho lenye kidonda si mahali pa kuwakaribisha. Utafiti wa David Yorston na Allen Foster uliochapishwa mwaka 1994 ulikuta kuwa karibu robo ya wagonjwa wa vidonda vya konea waliowachunguza hapa Tanzania walikuwa wametia dawa za kienyeji.

Ndani zaidi, nyuma ya konea, kuna siri nyingine. Jicho ni dogo na uwazi wake ni wa thamani. Vita kubwa ya kinga ya mwili ikipiganwa humo, mshindi atabaki na jicho lisiloona. Kwa hiyo jicho hujizuia. Mwaka 1992 Andrew Taylor, Wayne Streilein na wenzao huko Marekani walionyesha kuwa maji yaliyomo mbele ya lenzi yana peptidi ya asidi amino 13 iitwayo alfa-MSH, na kwamba inahusika kuzituliza seli za kinga. Ni peptidi ile ile inayoiamuru ngozi kutengeneza rangi nyeusi. Tangu hapo watafiti wamekuwa wakiitafuta njia ya kuigeuza dawa. Wamegundua kuwa hata ncha yake ya asidi amino tatu tu bado ina nguvu ya kutuliza uvimbe, na dawa zilizobuniwa kwa kuigiza familia hii zimeshafika kwenye majaribio ya binadamu kwa ugonjwa wa macho makavu.

Kwenye familia hiyo yuko pia ndugu mkubwa, ACTH, mwenye asidi amino 39, na 13 za mwanzo ni zile zile za alfa-MSH. Dawa ya sindano iliyotokana na ACTH ya tezi za nguruwe iliidhinishwa Marekani mwaka 1952, na magonjwa ya mchochota wa macho yamo kwenye orodha ya matumizi yake. Hadithi yake inafaa kukumbukwa na kila anayeshangilia sayansi mpya. Mwaka 2001 kichupa kimoja kiliuzwa kwa dola 40 hivi. Kabla miaka ishirini haijapita bei ilikuwa imevuka dola 38,000, dawa ikiwa ile ile. Peptidi inaweza kuwa nzuri na bado isimfikie mtu yeyote.

Sasa niende kwenye jambo ambalo naona halisemwi vya kutosha. Watu wakisikia peptidi za kutibu macho hudhani ni ndoto ya miaka ishirini ijayo, wakati moja imeshafika zamani. Inaitwa siklosporini.

Mwaka 1969 mfanyakazi wa kampuni ya dawa ya Sandoz ya Uswisi, akiwa likizoni Norway, alichota udongo kwenye uwanda wa Hardangervidda. Kampuni ilikuwa na utaratibu wa kuwaomba wafanyakazi walete udongo kutoka wanakosafiri, kwa matumaini ya kupata antibiotiki mpya. Ndani ya udongo ule kulikuwa na fangasi, na fangasi yule alikuwa akitengeneza peptidi ya asidi amino 11 zilizofungwa duara. Haikufaa sana kama antibiotiki. Lakini mwaka 1972, kwenye maabara aliyofanya kazi Jean-François Borel, ilionekana kuwa inazuia kinga ya mwili bila kuziua seli zake. Ugunduzi huo ulibadilisha upandikizaji wa viungo duniani. Dawa hiyo huifikia seli ya kinga iitwayo T na kuizuia kutoa amri ya kuita wenzake vitani. Vita haianzi, jicho halivimbi, na kile kichujio cha maji ya jicho hakiguswi.

Kilichoiwezesha kufanikiwa mahali ambapo peptidi nyingi hushindwa ni umbo lake. Vimeng'enya vingi vya mwili hukata peptidi kuanzia kwenye ncha, na duara halina ncha. Asidi amino zake kadhaa pia zina viambata visivyo vya kawaida vinavyozifanya ngumu kukatwa. Ndiyo maana mgonjwa aliyepandikizwa figo anaweza kuimeza kama kidonge na ikafika kwenye damu ikiwa nzima, jambo ambalo insulini haiwezi.

Kama matone ya macho, siklosporini iliidhinishwa Marekani mwishoni mwa mwaka 2002 kwa macho makavu. Ulaya iliidhinisha nyingine mwaka 2015 kwa macho makavu yaliyofikia kuiumiza konea. Kisha ikaja ile inayotuhusu: matone ya siklosporini kwa ajili ya VKC, Ulaya mwaka 2018 kwa watoto wa kuanzia miaka 4, Marekani mwaka 2021.

Afrika Mashariki ilikuwa imetangulia. Mwaka 2012 timu ile ile ya De Smedt na Nkurikiye ilichapisha jaribio lililofanyika Rwanda kwa mamia ya wagonjwa wa VKC. Kundi moja lilipewa siklosporini ya asilimia 2, jingine deksamethasoni, na si mgonjwa wala aliyempima aliyejua nani anapata ipi. Matokeo yalikuwa sawa: peptidi ililituliza jicho kama steroidi ilivyolituliza. Waliotumia siklosporini walilalamika zaidi kuwa inachoma ikiingia, na hilo ni jambo la kweli ambalo mzazi anapaswa kuambiwa mapema, kwa sababu mtoto wa miaka sita akichomwa mara ya kwanza, mara ya pili atajificha chini ya kitanda.

Nimelisoma jaribio hilo mara kadhaa na kila mara naingiwa na uchungu. Ushahidi ulipatikana hapa jirani, kwa watoto wanaofanana na wetu, kwenye jua linalofanana na letu. Ulizia matone ya deksamethasoni kwenye maduka ya mtaani, halafu ulizia ya siklosporini, utaona mwenyewe umbali uliopo kati ya ushahidi na kaunta.

Umbali huo una sababu, na baadhi ziko ndani ya jicho lenyewe. Tone moja la chupa ya kawaida lina ujazo wa maikrolita 40 hivi. Jicho lenye machozi yake lina uwezo wa kushika 30 tu. Linalozidi humwagika shavuni, na sehemu kubwa ya linalobaki hupitia kijitundu kwenye pembe ya jicho kuelekea puani, ndiyo maana ukitia dawa ya macho unaonja uchungu kooni. Kinachofika ndani ya jicho mara nyingi hakifiki hata asilimia 5. Peptidi ya kawaida, inayovunjwa na vimeng'enya vya machozi, ina dakika chache tu za kufanya kazi. Watafiti wanajaribu kuifunga duara kama ile ya fangasi wa Norway, kubadilisha asidi amino zake ili vimeng'enya vishindwe kuzitambua, kuichanganya na mafuta yaliyosagwa kuwa vitone visivyoonekana kwa macho ili iishikilie konea, au kuidunga ndani ya jicho iachie dawa polepole. Siklosporini yenyewe haiyeyuki vizuri kwenye maji, na kwa miaka mingi iliandaliwa kwenye mafuta, mojawapo ya sababu za kuchoma.

Halafu kuna joto. Peptidi nyingi hutaka kuhifadhiwa kati ya nyuzi 2 na 8. Duka la dawa la ghorofa ya chini pale Mtaa wa Sikukuu lina feni, lina friji iliyojaa maji ya kunywa na soda, na umeme wake una historia tunayoijua sote. Dawa ikisafiri kwenye boksi nyuma ya bodaboda mchana wa Februari, hakuna anayejua kilichobaki ndani ya chupa. Hapo ndipo siklosporini inapowashinda ndugu zake wengi, kwa kuwa molekuli yake ni imara na bidhaa zake kadhaa hukaa kwenye joto la kawaida la chumba. Hataza ya molekuli yenyewe iliisha zamani. Kinachouzwa ghali ni michanganyiko mipya, na michanganyiko si jambo lisilowezekana kwa wafamasia wetu. Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili kinafundisha ufamasia mwendo wa dakika chache tu kutoka Kariakoo. Jaribio la Rwanda lilitumia dawa yenye mafuta, si teknolojia ya anga za juu.

Kuna tahadhari moja kabla mtu hajakimbilia neno hili jipya. Kariakoo utalikuta neno "peptide" kwenye makopo ya krimu za uso, na kwenye mitandao kuna vichupa vya unga vya kuchanganya na maji, vikisifiwa kutibu kila kitu. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichokusudiwa jicho. Kitu kinachoingia jichoni lazima kiwe kimetakaswa hadi kisibaki na kijidudu, kiwe na chumvi na asidi ya kiwango cha machozi, na kiwe kimesajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Vivyo hivyo kwa insulini. Madaktari bingwa katika nchi mbalimbali wameanza kuichanganya na machozi bandia kutibu vidonda vya konea vilivyogoma kupona, na matokeo yanatia moyo. Hiyo ni kazi ya hospitali. Mwenye kisukari asichukue kalamu yake ya insulini akamtilia mjukuu machoni.

Peptidi nyingine ziko njiani na zinastahili subira yetu. Thaimosini beta 4, yenye asidi amino 43, imejaribiwa kwa binadamu kuponya konea iliyopoteza hisia. Kipande cha mwanzo cha protini iitwayo aneksini A1 kinafuatiliwa kwa sababu steroidi zenyewe hufanya sehemu ya kazi yao kwa kuiamsha protini hiyo. Wazo ni kuchukua faida na kuuacha mzigo. Mengi ya haya bado ni matokeo ya panya na sungura. Dawa nyingi zinazomponya panya hazivuki kufika kwa mtu, na mwandishi wa afya anayeandika kila matokeo ya panya kama tiba iliyopatikana anawaumiza wagonjwa.

Ndiyo maana naweka uzito kwenye ile iliyokwishavuka. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipita mwaka 2023, na kitita cha huduma kitakuwa kikipitiwa upya mara kwa mara. Mtu anayekaa kwenye meza hiyo aulize kuhusu matone ya siklosporini kwa watoto wenye VKC sugu, na pembeni yake yawepo matone ya bei nafuu ya kuzuia aleji, kama kromoglikati, ambayo kwa mtoto mwenye ugonjwa mwepesi yanatosha bila steroidi wala peptidi. Aliye kwenye kaunta naye apewe nafasi ya kufanya kazi yake sawasawa. Dada anayeuza dawa Kariakoo anajua dexamethasone ni ya cheti. Anajua pia kwamba akimwambia mama aende hospitali, mama atavuka barabara na kuinunua duka la pili. Ukaguzi unaolifungia duka moja kwa wiki moja haubadilishi hesabu hiyo. Kinachoweza kuibadilisha ni kuwepo kwa kitu kingine cha kumpa mama mkononi, na namba ya kliniki ya kumwelekeza ambako hatapoteza siku nzima ya biashara.

Kwa mzazi ambaye chupa ipo nyumbani sasa hivi, kuna mambo ya kufanya wiki hii. Mwekee mtoto kitambaa safi cha maji baridi juu ya macho akianza kuwashwa. Mwasho hupungua na mikono huacha kufikicha. Mvalishe kofia yenye ukingo mpana au miwani ya jua akitoka. Kama ametumia matone yenye moja ya yale majina matatu kwa zaidi ya wiki mbili, mpeleke akapimwe presha ya macho, Muhimbili, CCBRT kule Msasani, au kliniki ya macho ya hospitali ya rufaa ya mkoa iliyo karibu, iwe Amana, Temeke au Mwananyamala. Usiiache dawa ghafla kabla ya kumwona daktari, kwa sababu uvimbe unaweza kurudi kwa nguvu. Yeye ndiye atakayepanga namna ya kuipunguza. Chupa zote alizowahi kutumia, hata zilizokwisha, ziweke kwenye mfuko uende nazo, maana majina yaliyoandikwa juu yake na idadi yake vitamweleza daktari jambo ambalo macho meupe ya mtoto hayawezi kumweleza.